Somo: Verbal ya GMAT, venye utapandisha maksi ukiwa bado unaenda kazi

Haya watu wangu, wengi mmekuwa mkiniuliza kwa inboksi kuhusu Verbal ya GMAT, ule mtihani wa kuingia shule za biashara, wacha niandike hapa mara moja nisirudie kila siku. Hii ni ya wale wanafanya GMAT ya sasa, ile yenye sehemu tatu, Quant (hesabu), Verbal (kusoma na kuchambua hoja) na Data Insights (kusoma data, majedwali na grafu), kila moja dakika 45. Maksi za jumla zinaanza 205 hadi 805, kila sehemu ina zake za 60 hadi 90, na zote tatu zina uzito sawa. Kwa hivyo wewe injinia unayesema hesabu itakubeba, jua theluthi nzima iko kwa Verbal, na hata hiyo Data Insights imejaa kusoma.

Na kabla tuanze nitoe hii kitu njiani. Wakenya wengi hawapotezi maksi za Verbal juu ya Kingereza. Tumesomea Kingereza tangu tukiwa watoto, ripoti za ofisi tunaandika kwa Kingereza, tunagombana na bosi kwa Kingereza. Maksi zinapotea kwa sababu mtu anajibu kutoka kwa kichwa chake badala ya kujibu kutoka kwa maandishi yaliyo mbele yake. Kifungu kikiongea juu ya pesa za simu, Mkenya ameshatabasamu, ametumia M-Pesa tangu 2007, anajua kila kitu, na hapo ndo anaangukia jibu ambalo ni kweli kabisa duniani lakini kifungu hakijalisema popote. Somo lote hili ni la kuvunja hiyo tabia tu.

Hatua ya 1: Jua kilichomo, tupa kisichomo

Verbal ina maswali 23. Ni aina mbili pekee: kusoma vifungu na kujibu (RC), na hoja fupi za kuchambua (CR). Sarufi ilitolewa. Msamiati mgumu wa kukariri pia haupo, kwa hivyo ile programu ya maneno mia tano uliyoweka kwa simu ifute upate nafasi.

Hatua ya 2: Fanya moki moja kabla ya kusoma chochote

Wenye mtihani, GMAC, wanatoa moki mbili za bure (mitihani ya majaribio) kwa tovuti yao. Fanya moja sasa, kwa taima, simu ikiwa imezimwa, usiende kuchochea chai katikati. Ile ya pili usiiguse, iweke karibu na siku yenyewe. Najua inauma kufanya mtihani kabla ya kusoma lakini bila hiyo utakuwa unatibu ugonjwa ambao haujapimwa.

Hatua ya 3: CR, na hapa ndo tutakaa

Anza na swali lenyewe kabla ya hoja. Ujue kama unatafuta kitu cha kudhoofisha, kuimarisha, dhana iliyofichwa, ama kile lazima kiwe kweli. Halafu soma hoja ukitafuta vitu viwili, hitimisho liko wapi na ushahidi ni upi. Katikati ya hivyo viwili daima kuna pengo, na jibu linaishi ndani ya hilo pengo.

Chukua huu mfano nimetunga mwenyewe:

*Sacco moja ya matatu iliacha kuwapa madereva tageti ya kila siku (pesa ambazo lazima walete), ikaanza kuwalipa mshahara wa mwezi. Tangu hapo ajali za magari yake zimepungua. Kwa hivyo kulipa mshahara wa mwezi kunapunguza ajali. Gani kati ya haya inadhoofisha hoja zaidi?*

A. Madereva wengi wa sacco hiyo wanasema mshahara hautoshi.
B. Mwezi huohuo mshahara ulipoanza, sacco iliondoa barabarani magari yake yote yaliyokuwa na breki mbovu.
C. Dereva wa sacco nyingine inayolipa mshahara alipata ajali mbaya juzi.
D. Abiria wengi wanapendelea gari linaloenda pole.
E. Tageti huwafanya madereva waharakishe ili wamalize mapema.

Sasa angalia. A inakuvuta juu unawahurumia madereva, lakini malalamiko ya pesa hayagusi ajali. D ni kweli na haina kazi hapo. E watu wanaipenda sana kwa sababu kila mtu Nairobi anajua ni kweli, lakini isome vizuri, inaimarisha hoja! Umeulizwa kudhoofisha. C ndo mtego wa wale wajanja, maana inaonekana kupinga, ila hoja ilisema mshahara *unapunguza* ajali, haikusema unazimaliza, na dereva mmoja hawezi kuangusha hilo. Jibu ni B, kwa sababu inaleta chanzo kingine cha ajali kupungua. Hii sura ya "kitu mbili zimetokea pamoja basi moja imesababisha nyingine" utakutana nayo mpaka uichoke, kwa hivyo ukiiona tu uliza mara moja, ni nini kingine kilibadilika?

Kwa maswali ya dhana iliyofichwa kuna njia ya kukana. Chukua jibu unaloshuku, ligeuze liwe kinyume, halafu uone hoja inasimama ama inaanguka. Kwa mfano wetu dhana ni "hakuna mabadiliko mengine ya wakati huo yaliyopunguza ajali". Ikane: kuna mabadiliko mengine yaliyopunguza ajali. Hoja imeanguka? Imeanguka, basi hiyo ndo dhana. Ukikana na hoja bado inapumua, tupa.

Hatua ya 4: RC

Mnakumbuka ufupisho wa Kiswahili karatasi ya pili kwa KCSE, fupisha aya mbili za kwanza kwa maneno kadhaa? Ile kazi tuliyoichukia ndo mazoezi bora ya RC niliyowahi kuona. Ukimaliza kila aya simama, sema kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili, hii aya imefanya nini. Si imesema nini, imefanya nini: imeleta nadharia, imeipinga, imetoa mfano, imekubali nusu. Nambari na majina usikariri, jua tu yako aya gani, kifungu kinabaki hapo kwa skrini ukijibu maswali yake.

Halafu majibu mabaya yana tabia zao. Kuna yale yenye maneno makali, "all", "only", "never", wakati mwandishi alisema "some" ama "may". Si kila neno kali ni kosa, lakini likikuja lidai ushahidi mkali. Kuna yale ambayo nusu ya kwanza ni tamu kabisa na sumu iko mwishoni, kwa hivyo soma hadi nukta. Na kuna yale yamegeuza uhusiano, kifungu kimesema A imeleta B, jibu linasema B imeleta A kwa maneno yaleyale, na wewe ukiona maneno unayoyatambua unashukuru Mungu unabonyeza.

Hatua ya 5: Daftari la makosa

Hapa ndo maksi zinapanda, na hapa ndo watu wanaruka. Maswali kumi yaliyochambuliwa yanashinda maswali hamsini yaliyokimbiwa. Kwa kila swali ulilokosa, *na* lile ulilobahatisha ukapata, andika: nilichagua nini na kwa nini kilinivutia, neno gani hasa linaua hilo jibu, neno gani linathibitisha lile sahihi. Ukiandika tu "sikuwa makini" umejidanganya, hiyo si sababu. Baada ya wiki chache utaona unakosa kitu kimoja kila mara, kwa wengi wenu itakuwa kuleta habari za nje.

Hatua ya 6: Taima

Dakika 45 kwa maswali 23 ni chini kidogo ya dakika mbili kila moja. Mi napenda kuangalia saa mara mbili pekee, dakika 15 zikiisha uwe umefanya kama 8, dakika 30 uwe umefika 15 ama 16. Kifungu kipya kipe dakika mbili tatu za kusoma bila haraka, maswali yake yataenda mbio. Na lazima umalize, kuacha maswali tupu kunaadhibiwa vibaya kuliko kubahatisha. Unaweza kuweka alama swali unaloshuku, na mwisho ukiwa na dakika zimebaki unaruhusiwa kubadilisha majibu hadi matatu.

Mahali pa kusomea, kila mtu ajipange. Kwa matatu ya Rongai yenye mziki hauwezi kufanya CR, soma tu makala ndefu za uchumi ama sayansi kwa simu ukifanya ule ufupisho kichwani. CR ifanyie asubuhi kabla nyumba iamke, ama Jumamosi kwa maktaba ya taifa pale Community.

MASWALI YENU

Dada wa benki, Upper Hill: Mwalimu asante sana. Nilinunua kitabu cha mtumba pale tao, nusu yake ni kurekebisha sentensi. Nimepoteza pesa?

Hapana dadangu. Hiyo sehemu iliondoka toleo jipya lilipoingia Novemba 2023, na toleo la zamani likafungwa mapema 2024. Kurasa za sarufi ruka zote, lakini CR na RC za zamani bado ni dhahabu, mantiki haijabadilika. Tu usilinganishe maksi zake na za sasa, mizani ni tofauti.

Msee wa Kitengela: Bro mi nabaki na majibu mawili kila saa na nachagua lile mbaya. Kila saa!!

Haha wewe na nusu ya Nairobi. Ukibaki na mawili acha kuuliza lipi ni zuri, uliza lipi lina neno ambalo siwezi kulitetea kwa kidole nikiwekelea kwa kifungu. Yaweke pamoja, tafuta mahali yanatofautiana, mara nyingi ni neno moja au mawili. Halafu rudi kwa swali usome tena umeulizwa nini, kuna watu wanachagua la kuimarisha na waliulizwa kudhoofisha, kama ile E ya matatu.

Msee wa Kitengela: ati nilikuwa nimechagua E 😭

Tulijua.

Mhasibu, Thika Road: Si afadhali nifanye GRE? Wananiambia ni rahisi.

GRE ni mtihani mwingine wa kuombea masomo ya juu, na shule nyingi za biashara zinakubali zote mbili, angalia zako kwanza. Verbal ya GRE ni maswali 27 kwa dakika 41, kwa vipande viwili, maksi 130 hadi 170. Kuna kujaza nafasi na kuchagua maneno ya maana sawa, kwa hivyo huko msamiati unahesabika. Kama ulikuwa mtu wa riwaya na maneno magumu yanakuingia, jaribu moki yake. Kama nguvu yako ni kubishana na kushika watu uongo, baki GMAT.

Mama wa wawili, Umoja: Kaka, nyumbani ama kwa kituo? Na nikianguka nangoja muda gani?

Mama, nyumbani inaruhusiwa, lakini chumba kinakaguliwa kwa kamera na hakuna mtu anafaa kuingia. Na watoto wawili na stima zetu hizi? Mi ningeenda kituo. Hakikisha tu jina la akaunti linafanana herufi kwa herufi na la kitambulisho utakachobeba. Kurudia ni baada ya siku 16, na si zaidi ya mara tano kwa miezi 12.

Mhasibu, Thika Road: Ya mwisho, Verbal niifanye kwanza ama mwisho?

Unachagua mpangilio mwenyewe, na una mapumziko moja ya dakika kumi. Kama kusoma kunakuchosha weka ya kwanza kichwa kikiwa freshi. Kama una wasiwasi ukianza, tanguliza ile unayoiweza, kisha Verbal, kisha mapumziko. Jaribu hizo njia mbili kwa moki kabla ya siku yenyewe.