Kuandaa gari na kuendesha Dar–Iringa msimu wa joto

Kuanzia Oktoba mpaka mvua zikolee, wasafiri wanaopita gereji yetu hapa Morogoro huja na shida mbili zaidi ya nyingine zote: tairi limepasuka au injini imechemsha. Nyingi zingezuilika nyumbani, kabla ya gari kuwashwa.

Hatua ya 1: Pima upepo alfajiri

Pima tairi zikiwa za baridi. Gari likishatembea, hewa hupanuka na geji hukupa namba kubwa kuliko hali halisi. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wake, usiijazie hiyo. Ukibeba familia nzima na mizigo, angalia kama kibandiko kina namba ya pili ya gari lenye mzigo.

Wengi huamini kwamba wakati wa joto tairi lijazwe pungufu lisije likapasuka. Ni kinyume kabisa, na ni imani ya hatari sana. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka. Waya ukiukunja na kuukunjua mara nyingi hupata moto pale pale unapokunjwa. Ndivyo ubavu wa tairi unavyopata moto kwenye lami ya saa nane mchana, hadi unaachia. Wala usipunguze upepo njiani eti tairi lina moto, maana likipoa litakuwa pungufu.

Hatua ya 2: Soma umri wa tairi

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 3519, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno yake) nzuri huku mpira umeshakauka na una nyufa ndogo ndogo. Lililopita miaka sita siruhusu mteja wangu asafiri nalo mbali. Spea nayo ikaguliwe. Wengi huikumbuka wakiwa tayari porini.

Hatua ya 3: Rejeta

Tumia kulanti (maji maalumu ya kupooza injini), si maji ya bomba, kwani maji matupu huchemka mapema na kuleta kutu. Angalia mipira yake haijavimba na feni inazunguka. Injini ikiwa ya moto usifungue mfuniko kamwe: presha ndiyo inayozuia maji yaliyopita nyuzi 100 yasichemke, na ukifungua tu yanakurukia usoni.

Hatua ya 4: Panga saa

Sehemu ngumu ni bonde la mibuyu, kandokando ya Mto Ruaha, halafu mlima Kitonga. Ukitoka Dar alfajiri utafika huko jua likiwa kali. Ningekushauri ulale Morogoro, uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi fuata vibao vya mwendo. Asubuhi wanyama huvuka barabara.

Hatua ya 5: Kitonga

Kupanda: shusha gia mapema, zima kiyoyozi, tazama geji ya joto. Mshale ukipanda, fungua vioo na uwashe hita hadi mwisho. Utaungua kidogo, lakini hita huondoa joto kwenye injini. Ukiona mvuke, egesha mahali salama na uzime.

Kushuka ndiko ninakokuogopa zaidi. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kuteremka; gari la otomatiki weka 2 au L. Usiweke nyutro kuokoa mafuta. Kanyaga breki kwa uthabiti, punguza mwendo, kisha achia zipoe. Usiegemeze mguu muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inazama, tafuta nafasi pana usimame, usiendelee hadi zipoe.

Hatua ya 6: Tairi likipasuka

Shika usukani kwa mikono miwili, uushikilie gari liende mbele. Usikanyage breki. Achia mafuta taratibu, gari lipungue lenyewe, ndipo utoke barabarani. Washa taa za hatari, weka pembetatu mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha, na abiria wote washuke wakae kivulini mbali na lami. Watoto washuke pia, hata wakiwa wamelala, kwa sababu gari lililofungwa juani hugeuka tanuri ndani ya dakika chache.