Kabla Greda Halijafika: Mambo ya Kuzingatia Unapopima Afya ya Watu wa Kando ya Barabara

Ukisikia barabara ya kwenu inajengwa upya, na wewe ndiye unayetakiwa kujua itawafanyia nini watu kiafya, anza leo. Uwe afisa afya wa wilaya, mhudumu wa kujitolea, mwanafunzi wa chuo kikuu au mjumbe wa kamati ya shehia, usingoje vibao vya mradi visimikwe. Haya ninayoyaandika nimeyaona hapa Pemba, mengine kwa macho ya watu wazima waliokuja kulalamika na mengine kwa watoto ambao hawakujua walalamike kwa nani.

Vibali kwanza. Mradi mkubwa wa barabara Zanzibar hufanyiwa tathmini ya athari za mazingira na jamii, na ripoti hupelekwa ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Iombe uisome, hasa sura ya afya. Zile nilizowahi kuzishika mimi, sura ya afya ilikuwa nyembamba kuliko ya miti. Kama utachukua damu, mkojo au makohozi ya mtu, pata idhini ya kamati ya maadili kabla hujanunua hata glavu. Kisha nenda kwa sheha na barua mkononi. Usipite nyuma ya sheha.

Jua unawahesabu watu wangapi. Ukisema wagonjwa wameongezeka, utaulizwa wameongezeka kutoka watu wangapi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na takwimu zake zinashuka mpaka kwenye shehia. Zichukue, halafu ukae na sheha na daftari lake la wakaazi mlinganishe, kwa sababu mradi wenyewe unahamisha watu: wapo waliovunjiwa nyumba wakaenda kwa ndugu, na wapo waliokuja kufuata kazi.

Chagua msimu na uushike. Kaskazi tunakauka, masika tunalowa, na kifua cha mtoto wa Februari si kifua cha mtoto wa Mei. Ukipima mara ya kwanza kaskazi, mara ya pili rudi kaskazi. Angalia pia msimu wa karafuu, ambapo nusu ya kijiji inaweza kuwa kambini inachuma, na nyumbani unawakuta wazee na watoto peke yao. Kuhesabu magari mwezi wa Ramadhani kunahitaji akili ya peke yake. Mchana barabara imelala, halafu nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi kila mwenye pikipiki anakimbilia futari. Ukihesabu saa nne asubuhi tu utaandika kwamba barabara ni salama.

Vumbi watu wengi wanalipima vibaya. Kuna vipimo vidogo vya bei nafuu vinavyotumia mwanga, na ni msaada mkubwa, lakini vina tabia zake. Unyevu ukizidi, kama asubuhi za masika, vinasoma juu kuliko ilivyo. Vumbi la kifusi, ule udongo unaochimbwa kujazia barabara, nalo lina chembe kubwa, na vingi kati yao haviioni vizuri chembe kubwa. Kwa hiyo viweke kwanza siku kadhaa kando ya mashine ya kuaminika mlinganishe. Kipimo kifungwe kwenye kimo cha pua ya mtoto, mbali na jiko la kuni na makumbi, la sivyo utakuwa umepima chai ya asubuhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema chembe za PM10, yaani zile zisizozidi mikromita 10 kwa upana, zisizidi mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Andika namba, lakini andika na hiki: bibi mmoja aliniita ndani, akachukua ncha ya kanga yake akafuta mfuniko wa mtungi wa maji ya kunywa alioufuta asubuhi ileile, akaninyooshea. Wekundu mtupu. Nje, karafuu zake zilikuwa juu ya jamvi hatua chache kutoka barabarani, nazo zimegeuka rangi. Vumbi lilikuwa limeingia kifuani mwake na kwenye kipato chake kwa pamoja, na boza la maji la mkandarasi lilipita mara moja kwa siku, asubuhi, kabla jua halijakausha njia. Andika boza linapita saa ngapi. Ni kipimo cha afya hicho.

Kelele: pima usiku pia, na pima karibu na kituo cha afya na skuli.

Maji: mabomba hukatika wakati wa kuchimba mitaro, na watu hurudi kwenye visima vya zamani. Orodhesha visima vyote kabla, pima maji yake kabla, na andika tarehe ya kila bomba lililokatika na tarehe lililorudishwa. Kuharisha kukitokea, utakuwa na kalenda ya kulinganisha.

Sasa kipimo cha mwanzo, kile cha kabla ya kazi kuanza. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kimetugharimu.

Wapimaji wa mshauri elekezi wa barabara moja walikuja kwetu mwezi wa Januari, kaskazi imekauka. Wakakaa siku tatu chini ya mwembe wa sheha. Walikuwa vijana wenye adabu, wakaketi na wazee, wakauliza kuhusu kikohozi, homa na kuharisha. Hakuna aliyeuliza kuhusu mkojo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapeleka nyumba kwa nyumba, na mimi pia sikukumbuka. Laiti ningekumbuka.

Baada ya masika kazi ikaanza. Kifusi kilichimbwa pembeni mwa bonde la mpunga, shimo pana kama uwanja wa mpira, kina chake kinamfunika mtu mzima. Vuli ikanyesha, kijito cha bondeni kikafurika kikaingia shimoni, na maji yakabaki humo hata mvua zilipokwisha. Watoto wakapata bwawa. Wakitoka skuli mchana, jua liko kichwani, wanavua sare wanazitundika kwenye migomba na kuruka. Kijito kile kilikuwa na konokono, na konokono wale wakaingia na maji. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi mchana wa jua kali. Saa ya watoto na saa ya vijidudu ilikuwa moja.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama akaja kituoni na kopo la maziwa ya unga amelifunika kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mkojo wa mwanawe, rangi ya chai kavu iliyokolea, na chini umetuama wekundu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu mtoto ananificha wiki ya pili hii. Kaka yake ndiye aliyesema." Mtoto mwenyewe alisimama nyuma ya mlango hataki kuingia. Nilipomuuliza nani mwingine, akanitajia majina ya wenzake mmoja mmoja, na wote walikuwa waogaji wa shimo.

Ukaitishwa mkutano skulini. Mtaalamu wa mradi akaifungua ripoti ya Januari mbele yetu akaonesha kwamba hamna neno kichocho. Akasema kichocho kiko Pemba tangu enzi za wazee wetu. Hilo ni kweli, na kila mtu mle ndani alijua ni kweli. Mzee mmoja akasimama akasema, "Bwana mtaalamu, kilikuwako mtoni. Shimo mmelileta nyinyi." Akajibiwa aoneshe idadi ya watoto waliokuwa nacho kabla ya shimo. Tukafungua daftari la kituo. Walioandikwa walikuwa chini ya "maambukizi ya njia ya mkojo", bila kipimo cha hadubini, na anuani ni jina la shehia tu, hujui nani anakaa bondeni na nani anakaa juu. Mkutano ukaishia hapo. Watoto walipewa dawa wakapona, lakini shimo halikufukiwa, na masika iliyofuata likajaa tena.

Kipimo kile cha mkojo tulichokikosa Januari kingetaka nini? Kopo safi kwa kila mtoto. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 zichujwe, chujio liwekwe chini ya hadubini, mayai yahesabiwe. Wajuzi wa kazi hiyo hatuwakosi: maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, tangu mwaka 2000. Siku moja ya skuli moja ingetosha kutupa namba ya kusimama nayo.

Kwa hiyo kabla greda halijashuka kwenye lori, kaa na ramani ya mradi ujiulize kila shimo, kila kambi, kila mchepuko na kila kalavati vitaleta ugonjwa gani, na upime ugonjwa huo sasa hivi, ukiwa bado haupo au bado ni mdogo. Pima pia kijiji cha kulinganishia, chenye mito ileile na mvua ileile lakini barabara haipiti. Siku ukiambiwa ugonjwa umepanda Pemba nzima, utakuwa na la kujibu. Andika nyumba, na umbali wa nyumba hiyo na barabara na shimo. Simu ya mkononi inakupa mahali nyumba ilipo bila gharama.

Kila ugonjwa una saa yake. Vumbi linamkohoza mtoto siku hiyohiyo. Mbu anatoka kwenye dimbwi kwa wiki moja au mbili, na sisi ambao maambukizi ya malaria tumeyashusha mpaka chini ya asilimia 1 ya watu hatuna ruhusa ya kuchekea madimbwi. Mayai ya kichocho hayaonekani kwenye mkojo mpaka miezi miwili mitatu baada ya mtoto kuingia majini, kwa hiyo anayepima mwezi mmoja baadaye akatangaza hakuna tatizo anawadanganya watu bila kujijua.

Na ajali zina saa yake pia, ambayo huanza pale wapimaji wanapofunga mafaili. Barabara ya mashimo inamlazimisha dereva aende taratibu. Lami ikikauka, kila gari inafungua. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Hesabu hiyo iweke kwenye njia ambayo watoto wanaivuka mara nne kwa siku, skuli asubuhi na chuo cha Kurani jioni, na kuku, mbuzi na gari la ng'ombe humohumo. Pima mwendo kabla na baada, pima mbele ya skuli, na usitegemee kumbukumbu za polisi peke yake. Anayeandikiwa PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ni yule aliyefikishwa polisi au hospitali. Aliyevunjika mkono akapelekwa kwa mzee anayeunga mifupa hayumo popote. Nenda kwa hao wazee. Wanakumbuka kila mguu waliouunga, na wengi wao watakusaidia ukienda kwa heshima.

Daftari la hospitali lisikupoteze. Barabara nzuri inamfikisha Chake Chake au hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani mgonjwa ambaye zamani angebaki nyumbani. Wagonjwa wakiongezeka kwenye daftari, huenda ugonjwa umezidi, na huenda njia imefunguka tu. Namna ya kutofautisha ni kuuliza majumbani: nani aliumwa mwezi uliopita, na nani alikwenda kutibiwa. Hapo pia ndipo utakapoipima faida, kwa sababu faida ipo na lazima iandikwe kwa haki. Pima dakika za mama mwenye uchungu kutoka mlangoni kwake mpaka chumba cha kujifungulia, usiku, wakati wa mvua, kabla ya lami na baada yake. Mimi nimewahi kumsindikiza mjamzito juu ya gari iliyokwama kwenye tope tukasukuma na waume wa watu, na ninajua lami ina maana gani.

Maswali ya wanawake yaulizwe na wanawake. Kambi ya wafanyakazi ikija, kuna mambo ambayo msichana hatamwambia kijana mwenye kishikwambi mbele ya baba yake, na mimba ya mtoto wa skuli haiandikwi kwenye dodoso la siku moja.

Yapo na madogo. Fomu za karatasi zifunikwe nailoni. Chaji betri usiku, umeme haungoji. Usiahidi fidia, wewe huna fungu hilo. Usimpige picha mtoto mgonjwa. Jina la mgonjwa lisitajwe barazani hata kama kila mtu anamjua. Usipime kwa gari la mkandarasi, watu watakuona wake. Matokeo yarudi kwa watu kwa Kiswahili, skulini, siku ambayo si ya Ijumaa na si ya kuchuma karafuu, na nakala ibaki kwa sheha na kituoni. Omba ufuatiliaji uvuke siku ya kukabidhi barabara, uingie mwaka wa matazamio ambapo mkandarasi bado anaweza kuitwa arekebishe. Na kila shimo la kifusi, muulize mkandarasi mbele ya sheha litafukiwa lini, tarehe iandikwe, na wote wawili watie saini.