Picha ya lino na herufi za risasi kwenye ukurasa mmoja: hatua kwa hatua kutoka karakana ya Veneto

Juzi nilimsaidia kijana wa kwetu anayesomea sanaa Venezia kuchapa picha yake ya lino (iliyochongwa kwenye bamba la linoleamu) pamoja na shairi la rafiki yake, lililopangwa kwa herufi za risasi, yaani herufi moja moja za madini ya risasi. Maswali yake huulizwa na kila anayetoka kwenye kuchonga na kuingia kwenye upigaji chapa, ndiyo maana nimeandika. Nachukulia kuchonga unajua, na kuna karakana iliyokuruhusu kutumia mashine ya prufu, ile ya kuchapia nakala za majaribio.

Hatua ya 1: Kaeni pamoja kabla ya kushika patasi

Mchongaji, mshairi na mpanga chapa wakae meza moja, karatasi ya ukubwa halisi ikiwa mbele yao. Amueni picha inakaa wapi na maneno yanaanzia wapi. Herufi za risasi hazikuzwi wala hazipunguzwi kama za kompyuta: kasha la herufi likiwa na ukubwa wa pointi 14 na 18, 16 hupati. Mshairi naye akubali kwamba mstari mrefu unaweza kuvunjwa.

Hapa Italia mfano ninaoupenda ni Alberto Casiraghy, aliyeanzisha nyumba ndogo ya uchapishaji, Pulcinoelefante, pale Osnago mwaka 1982: vijitabu vya kurasa chache, maneno mafupi, picha ya msanii, nakala chache. Mshairi Alda Merini alishirikiana naye sana. Maneno yakiwa machache, picha hupumua.

Chagueni herufi zenye unene. Bodoni, aina ya herufi, ni fahari ya Parma na naipenda, lakini mistari yake myembamba humezwa ikiwekwa kando ya weusi mzito wa lino.

Hatua ya 2: Chonga

Mchoro ugeuzwe kama kwenye kioo. Wakati wa baridi pasha lino joto kidogo, italainika. Patasi nazotumia ni za Pfeil, za Uswisi.

Hatua ya 3: Kimo

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo usiruke.

Uso wa lino na uso wa herufi lazima vikutane na karatasi kwa kimo kimoja. Kimo cha herufi, kutoka chini hadi usoni, kilichozoeleka katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni milimita 23.56, cha Uingereza na Marekani ni 23.32. Tofauti ni kama robo ya milimita, na inatosha kuharibu kazi. Karakana za zamani za Italia zina herufi zilizonunuliwa nyakati mbalimbali, kwa hiyo usiamini namba ya kitabuni. Chukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, pima herufi zile zile utakazochapa. Hizo ndizo zinazotawala.

Lino ya kawaida ina unene wa milimita 3.2. Ukiibandika juu ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18 unapata 21.2, kwa hiyo kufikia 23.56 zimebaki 2.36 za kujaza. Jaza kwa kadi ngumu chini ya ubao, kisha malizia kwa karatasi nyembamba, moja moja. Kabla ya kupima, acha gundi ikauke chini ya mzigo usiku kucha, maana nayo ina unene. Pima pembe zote nne. Ubao ulioinama upande mmoja hauonekani kwa macho.

Prufu yenyewe itakuambia. Picha ikitoka na madoa meupe huku herufi zikizama kwenye karatasi, lino iko chini. Herufi zikipauka na picha ikitoa kingo zenye wino mzito, lino iko juu. Sehemu moja tu ikipauka, usiinue ubao wote: chana kipande cha karatasi ya tishu chenye umbo la sehemu ile, kibandike chini yake. Kitandiko cha silinda, yaani karatasi zinazoifunika silinda inayokandamiza, usikiguse, kwa sababu ukikiongeza unaziumiza herufi. Lino pia hunywea kadiri unavyochapa, kwa hiyo katikati ya kazi simama uangalie tena.

Hatua ya 4: Chapa mara mbili

Wengine hufunga picha na herufi pamoja na kuchapa mara moja. Mimi hutenganisha, isipokuwa maneno yakiwa ndani ya picha. Weusi mpana wa lino unataka wino mwingi. Herufi zinataka wino mwembamba. Ukitenganisha, kila moja inapata haki yake, lakini kimo bado kinahitajika kwa sababu rola za mashine ni zile zile.

Anza na lino, acha ikauke, ndipo herufi. Tumia wino wa mafuta. Wa maji hukauka kwenye rola kabla hujamaliza. Karatasi yangu ni Fabriano Rosaspina ya gramu 220.

Hatua ya 5: Nakala

Ziandikeni namba, mchongaji na mshairi watie sahihi, na jina la mpanga chapa lichapwe ukurasa wa mwisho. Kisha safisha herufi, rudisha kila moja kwenye kasha lake, na uoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula: hiyo ni risasi.