Kusajili Jina Chini ya Kikoa cha Nchi

Herufi mbili za mwisho katika anwani ya tovuti, kama .tz au .ke, ndizo kikoa cha nchi, na kwa kawaida hutokana na orodha ya misimbo ya nchi ya kiwango cha kimataifa cha ISO 3166, ingawa Uingereza hutumia .uk ilhali msimbo wake katika orodha hiyo ni GB. IANA, mamlaka ya kuratibu majina na namba za intaneti duniani, inayoendeshwa chini ya shirika la ICANN, humtambua msimamizi mmoja kwa kila kikoa cha nchi, awe taasisi ya serikali, shirika lisilo la faida au kampuni, na msimamizi huyo ndiye anayepanga masharti ya usajili.

Kwa hiyo anza kwa kusoma masharti yake. Nchi nyingine humruhusu yeyote kusajili, nyingine hudai ukaazi au cheti cha kampuni, na mara nyingi matawi kama .go.tz na .ac.tz hutengwa kwa serikali na vyuo. Kisha hakiki, katika huduma ya utafutaji ya msimamizi, kwamba jina unalolitaka halijachukuliwa. Kila sehemu ya jina isizidi alama 63, wala isianze au kuishia na kistari.

Kwa kawaida malipo hufanywa kwa msajili aliyeidhinishwa, yaani kampuni inayowasajilia wateja majina, si kwa msimamizi, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko hatua zote. Fundi wa tovuti akikusajilia jina kwa jina lake mwenyewe na baruapepe yake, katika kumbukumbu za usajili mwenye jina ni yeye, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako. Siku mtakapokosana, utabaki na risiti tu. Dai uandikwe wewe au taasisi yako kuwa mwenye jina, na akaunti ya msajili iwe mikononi mwako, kisha fundi umwachie nafasi ya mshauri wa kiufundi.

Baada ya hapo jaza anwani za seva za majina (kompyuta zinazoelekeza jina kwenye tovuti yako), angalau mbili, ambazo utapewa na anayehifadhi tovuti yako. Bila hizo jina litakuwa limesajiliwa lakini halitafunguka.

Usajili ni wa muda, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi. Washa uhuishaji wa kiotomatiki, na baruapepe ya kupokea arifa isiwe ile iliyo chini ya jina hilohilo, kwa sababu jina likiisha muda nayo hukatika.