Pikipiki inalala ikiwa imesimama: hatua za kuizuia, na namna ya kuinyanyua ikishalala

Shemeji yangu kanunua Boxer 150 ya mkononi ya kubebea mboga na ndizi toka Mabibo mpaka kwenye genge lake Goba, hapa Dar, na kazi ya kumfundisha nikapewa mimi. Barabarani kwenyewe alielewa upesi tu. Kilichotutoa jasho ni pale pikipiki inapotembea polepole kuliko mtu au imesimama kabisa, hapo ndo inalala, tena mara nyingi mbele ya watu, na karibu kila ninayemfundisha anaangukia sehemu zilezile. Mtu akishachekwa anakurupuka kuinyanyua kwa nguvu ya aibu, anatoka hapo na mgongo au ameungua mguu. Kwa hiyo naandika nilivyomwelekeza yeye, na wewe unayeanza upitie.

Hatua ya 1: kabla hujapanda

Zunguka pikipiki. Upepo wa tairi, cheni, mafuta, hayo unayajua. Mimi nataka uangalie vitu viwili ambavyo vinaangusha watu wazima.

Cha kwanza ni kufuli. Kama unafunga tairi kwa kufuli au mnyororo, funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa breki kila unapofunga, ukikiona hicho unakumbuka. Mtu anawasha, anatia gia, pikipiki inasogea kidogo inagota, na yeye ameshahamisha uzito mbele, hapo haizuiliki tena.

Cha pili ni lok ya usukani. Mtu anaitoa pikipiki kwenye stendi huku usukani umelokiwa umekatia kushoto, akianza kuisukuma haiendi mbele, inazunguka kumfuata yeye na kumlalia. Toa lok kwanza, nyoosha usukani, ndo utoe stendi. Ni kwa mpangilio huo, usiugeuze.

Helmeti isiyofungwa mkanda ni sawa na hujavaa, itakutoka kichwa chako kikiwa bado hakijafika chini.

Hatua ya 2: kupanda na kuwasha

Panda kutokea kushoto ukiwa umekamata breki ya mbele, pandisha stendi ndogo (ile ya pembeni), washa. Stendi hiyo usisahau kuipandisha, pikipiki nyingi za hapa hazina ile swichi ya kuzima injini stendi ikiwa chini, sasa ukikata kona ya kushoto stendi inachimba ardhi na kukunyanyua.

Kama umeazima pikipiki ya mtu uliza gia zake kabla hujaondoka. Kuna za kukanyaga mbele zote na kuna ambazo namba moja ni mbele zilizobaki unainua, ukichanganya ukiwa mlimani Kimara utajikuta uko nyutro na inarudi nyuma.

Hatua ya 3: kwenda taratibu, kugeuza na kusimama

Hapa ndo tulikaa mchana mzima na shemeji kwenye kiwanja, kwa hiyo vumilia, patakuwa parefu.

Kanuni yenyewe ni hii: usukani ukiwa umekata, usiguse breki ya mbele. Pikipiki ikiwa na spidi inajishikilia yenyewe, ikiwa taratibu haina cha kuishikilia zaidi ya wewe. Ukibana breki ya mbele, shokapu za mbele zinazama, uzito wote unaenda kwenye tairi ambalo limeangalia pembeni, na pikipiki inadondokea upande ule ule uliokata. Inatokea ghafla na mguu hauwahi. Ukichunguza wengi walioanguka getini kwao, au wakigeuza mbele ya kijiwe, au wakiingia sheli, utakuta walibana mbele huku usukani umekata. Breki ya diski ndo mbaya zaidi kwa anayeanza maana inauma haraka. Kwa mwanafunzi mimi napenda pikipiki yenye breki ya ngoma mbele, najua wapo wanaobisha, lakini kwa kujifunzia inasamehe.

Sasa ukienda taratibu unatumia nini? Breki ya mguu na klachi nusu. Fanya hivi: tia namba moja, achia klachi taratibu mpaka usikie pikipiki inataka kuondoka, hapo hapo ishikilie, usiachie yote wala usibane yote. Resi iwe ndogo na isipande na kushuka. Mguu wa kulia uiguse breki ya nyuma kidogo tu, kama unaizuia isikimbie. Vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja pikipiki inatulia, unaweza kwenda mwendo wa konokono bila kushusha mguu. Shemeji alikuwa anafunga klachi yote katikati ya kugeuza kwa sababu ya woga, na ukifunga klachi yote nguvu inakatika kwenye tairi la nyuma, pikipiki inakosa cha kuinyanyua inalala. Nilimwambia ukiona inataka kulala usibane kitu chochote, ongeza resi kidogo na uachie klachi kidogo, inasimama yenyewe. Mwanzoni hakuamini, maana akili inasema simamisha. Alipofanya mara ya kwanza ikanyanyuka akaanza kucheka peke yake.

Macho nayo. Ukiangalia tairi la mbele utaanguka, ukiangalia shimo utaingia shimoni. Geuza kidevu mpaka kiangalie unakotaka kutokea, hata kama shingo inauma. Weka ndoo mbili kiwanjani uzizunguke kwa namba nane, kwanza zikiwa mbali halafu unazisogeza. Tumia ndoo tupu za plastiki, mawe hapana, maana utayagonga tu.

Kugeuza kulia ni kugumu kuliko kushoto, na sababu yake ni kwamba mguu wako wa kulia uko kwenye breki, ikianza kulala upande huo hauna mguu wa kuweka chini. Kwa hiyo geuza kulia ukiwa na nafasi kubwa zaidi, na kama barabara ni nyembamba shuka uisukume, hakuna atakayekudai.

Halafu kusimama. Kabla haijasimama kabisa hakikisha usukani umenyooka. Ukikumbuka hilo peke yake umeshaokoa mkono wa klachi na vioo. Mguu unaoshuka ni wa kushoto tu, wa kulia unabaki kwenye breki. Watu wafupi wanalazimisha miguu yote miwili ifike, wanaishia kusimama kwa vidole, kila upande una nusu ya nguvu. Sogeza kiuno kidogo kushoto kwenye siti, kanyaga mguu mmoja mzima mpaka kisigino, inatosha.

Ila angalia unakanyaga nini. Sisi tunaendesha kushoto na barabara imetengenezwa inainamia pembeni ili maji yatoke, sasa ukisimama pale ukingoni mwa lami, mguu wako wa kushoto unaenda kutafuta ardhi ambayo iko chini kuliko tairi. Unashusha, haufiki, unaendelea kushusha na pikipiki inakufuata. Ukingoni hapo hapo kuna mchanga, kuna kokoto, mvua ikinyesha kuna tope. Simama ndani kidogo pakavu ukiweza, au toka kabisa barabarani mpaka sehemu ya tambarare. Kwenye foleni, kabla hujashusha mguu, macho yaende chini mara moja, kuna oili iliyodondoka kwenye magari, kuna mifuniko ya chuma, kuna michoro ya pundamilia ambayo ikilowa inateleza kama sabuni.

Mlimani ukisimama ishikilie kwa breki ya mguu, usitegemee ya mbele peke yake, halafu kuondoka ni klachi nusu mpaka uisikie inavuta ndo uachie breki.

Hatua ya 4: kupaki

Mimi ni mtu wa stendi kubwa (ile ya katikati), ndogo naitumia nikiwa naangalia pikipiki kwa macho. Kigamboni na popote penye mchanga stendi ndogo inazama taratibu, unarudi unakuta imelala, na kama zilipakiwa kwa mstari zinalazana moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Tembea na kipande cha ubao au kopo lililopondwa, weka chini ya stendi. Hata lami jua likiwaka mchana inalainika. Kwenye mteremko usipaki nyutro, tia namba moja, na mbele ya pikipiki iangalie mlima, ikiangalia chini inajisukuma yenyewe stendi inakunja.

Hatua ya 5: abiria na mzigo

Abiria asipande wala kushuka bila wewe kumwambia "panda" au "shuka". Apande na kushuka kushoto, maana eksozi kwa pikipiki nyingi iko kulia. Mwambie akunje kanga, dera au baibui, lisiachwe linaning'inia kwenye cheni na spoku, hii inaua, siongezi maneno.

Mzigo ufunge chini na mbele kadri inavyowezekana. Mkungu wa ndizi ukikaa juu sana nyuma, usukani unakuwa mwepesi na kile kiinamo kidogo ulichokuwa unakizuia kwa mguu mmoja hutakizuia tena. Zoea kwanza nusu ya mzigo.

Hatua ya 6: ikishaanza kulala, iachie

Pikipiki ya aina hii ina kilo 120 hivi, ikiwa imesimama wima unaishika kwa vidole, ikishapita kiinamo fulani hakuna mwanaume wala mwanamke wa kuizuia. Ukihisi imekuzidi, toa mguu usibaki chini yake, iachie, ondoka upande. Kioo kinanunuliwa, goti halinunuliwi.

Hatua ya 7: kuinyanyua

Watu watacheka, waache. Kwanza zima swichi, funga koki ya mafuta. Ikilala petroli inavuja kwenye kabureta au kifuniko cha tenki, na betri za maji nazo zinaweza kumwaga asidi, kwa hiyo anayevuta sigara asogee mbali.

Kama kuna mtu karibu muite, watu wawili ni sekunde tu, mmoja usukani na mwingine keria. Ukiwa peke yako angalia imelalia wapi. Kama imelalia kulia, fungua stendi ndogo kabla hujainyanyua, hapo ukimaliza unailaza kwenye stendi. Kama imelalia kushoto stendi iko chini yake huwezi, kwa hiyo ikisimama uwe makini usiipitilize ikadondokea upande wa pili. Tia gia ili isibingirike. Kata usukani wote kuelekea upande ilikolala. Ipe mgongo, makalio yaegemee ukingo wa siti, chuchumaa, mkono mmoja ushike usukani wa upande wa chini, mwingine ushike keria au chuma cha fremu (siyo plastiki, siyo taa). Nyoosha mgongo, sukuma kwa miguu kwa hatua ndogondogo za kurudi nyuma. Nguvu inatoka mapajani. Ukiinama ukavuta kwa mikono kama unavuta gunia, kiuno kitakulaumu wiki nzima.

Kwenye mteremko, kama tairi zimeangalia juu, kwanza iburuze izunguke pale chini mpaka tairi ziangalie bondeni, itakuwa nyepesi zaidi kunyanyua.

Chunga eksozi, wakati huu ndo watu wanaungua shavu la mguu. Ukiungua weka chini ya maji yanayotiririka ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno usipake, mafuta usipake.

Hatua ya 8: kabla hujaondoka

Isimamishe dakika kadhaa oili irudi chini. Ikikataa kuwaka usianze kufungua plagi. Kijana mmoja wa jirani alipiga kiki mpaka akalowa, fundi akaitwa, kabureta ikafunguliwa, kumbe wakati inalala swichi nyekundu ya kulia kwenye usukani ilijigonga ikazima. Angalia swichi hiyo, angalia nyutro, fungua koki, na kama unasikia harufu kali ya petroli imemeza mafuta, fungua resi yote piga kiki mara kadhaa bila choki.

Ikiwaka, jambo la kwanza ni resi. Zungusha, achia, lazima irudi yenyewe, na ujaribu usukani ukiwa umekata kushoto na kulia. Ikilala mpira wa resi unasukumwa ndani unang'ang'ania, ukiondoka hivyo pikipiki itakimbia na wewe. Mikono ya klachi na breki ikipinda usiinyooshe kwa nguvu, inakatika, nunua mpya. Na ukifunga mpya, bolti za kishikio chake kwenye usukani usizikaze mpaka mwisho, zikaze kiasi kwamba mkono hauzunguki ukiubana kawaida lakini ukigongwa chini unazunguka badala ya kuvunjika.

Usukani ukiwa umepinda na tairi limenyooka, simama mbele, bana tairi kwa magoti uzungushe usukani taratibu. Ukigoma peleka kwa fundi ukiisukuma. Ukikubali, nenda mita chache kwa namba moja, jaribu breki ya nyuma, halafu ya mbele usukani ukiwa umenyooka, ndo upakie ndizi zako.