Matandiko ya nyoka: uliza mbao kwanza

Wenzangu wa Tanga mnaofuga nyoka kwa kibali, nawaomba jambo moja kuhusu matandiko. Maranda ya kwa seremala unapewa bure, lakini muulize fundi ameranda mbao gani. Akisema mtarakwa au msonobari, yaache hapo hapo. Harufu ile tunayoipenda ni mafuta yanayoruka hewani, na nyoka hushinda pua yake ipo chini kabisa. Humchoma mapafu. Ukimwona anapumua mdomo wazi, au ana mapovu mdomoni, ujue hali si nzuri.

Mchanga wa pwani usimwekee. Hunata kwenye panya aliyelowa unayemlisha, nyoka akaumeza, ukaziba utumbo.

Kwa anayeanza, gazeti linatosha kabisa: kinyesi kinaonekana, unatoa, unatandika jingine. Kwa nyoka anayetaka unyevu, tunayo makumbi ya nazi. Yachambue kwa mkono, toa nyuzi ndefu za usumba zisije zikamzonga, ubaki na ule unga wa kahawia. Mwagia maji ya moto, kamua, anika juani mpaka ukauke. Yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba usiyachukue, yamejaa chumvi.

Kabla ya kutandika nyunyiza maji kidogo, kisha finya unga kiganjani. Ushikane bila kutoa tone. Likidondoka hata moja, rudisha juani, hasa wakati wa masika. Nyoka akilalia majimaji, magamba ya tumboni huota malengelenge na kuoza.