Bili ya hospitali Dar inavimbia wapi, na namna ya kuibana mapema

Wakuu, mwaka jana nilimpeleka mwanangu wa miaka saba hospitali moja ya binafsi huku Tabata, sitaitaja, homa ya siku moja tu na kutapika kidogo, tukatoka na bili ya 185,000 na ule utatu unaojulikana mjini yani malaria, taifodi na UTI vyote kwa mpigo. Nikakaa na ile karatasi nyumbani nikaisoma mstari kwa mstari, kumbe ugonjwa wenyewe haukula hela nyingi, hela imeliwa na vitu ambavyo sikuuliza. Mi si daktari, ila tangu siku hiyo nafanya hivi.

Kwanza angalia unaanzia wapi. Homa, kikohozi, tumbo, anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ikishindikana wao watakupa rufaa uende Amana, Mwananyamala au Temeke, na Muhimbili iwe ya mwisho. Ukiruka moja kwa moja kwa bingwa unalipia ubingwa hata kama una mafua. Dharura ni kitu kingine, mtu hapumui vizuri, kapoteza fahamu au anatoka damu nyingi, hapo usihesabu hela, kimbia.

Pili vipimo, na hapa ndo penyewe. Damu ikishatolewa hesabu imeshaanza kutembea kwa hiyo uliza ukiwa bado umekaa mbele ya daktari: hiki kipimo kikitoka chanya utanipa dawa gani, kikitoka hasi je? Kama dawa ni ileile pande zote mbili, muulize kwa heshima kama kuna haja ya kupima. Mfano Widal ya taifodi, ile inaangalia kinga za mwili sio mdudu mwenyewe, na kinga zinaweza kuwepo sababu uliumwa zamani au umepata ugonjwa mwingine kabisa, ndo maana nusu ya mtaa "wana taifodi" kila mwezi. Malaria nayo, kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa baada ya kupona, sasa kama ulimeza dawa ya mseto ya malaria juzijuzi mwambie daktari ili akupime kwa darubini, la sivyo utatibiwa malaria ambayo haipo na kinachokuumiza kibaki palepale. Na kama ulipima sehemu nyingine wiki hii nenda na majibu yako, wengi tunarudia kipimo kwa sababu tu karatasi tumeacha nyumbani.

Sindano na dripu. Sisi wenyewe tuna kosa hapa, mtu asipochomwa anaona hajatibiwa. Kumbe sindano ya siku tano unalipia dawa, bomba, kanula na mchomaji, na bado nauli ya bodaboda kila siku. Kama mgonjwa anameza na hatapiki, uliza kama kuna ya vidonge.

Dawa: omba cheti kiandikwe jina la dawa yenyewe sio la kampuni. Dawa ileile iliyosajiliwa na TMDA (mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba) unaweza kuikuta kwa bei tofauti kabisa kwenye maduka mawili ya mtaa mmoja. Ila usinunue nusu dozi ya antibayotiki ili kuokoa hela, utarudi hospitali na utalipa zaidi. Kuna kupanda kwingine kwa bei ambako mimi na wewe hatukuwezi, dawa nyingi na vitendanishi vya maabara vinatoka nje, dola ikipanda na bei inapanda.

Presha na kisukari usivichezee. Mtu anaacha vidonge sababu anajisikia vizuri, miaka inapita figo zinakufa, halafu anaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hiyo bili inauza viwanja, nimeona kwa jirani.

Kwenye hospitali za serikali kuna misamaha: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na TB na VVU dawa zake ni bure. Kama umekwama kweli nenda ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, usisubiri siku ya kuruhusiwa ndo uanze kulia. Mwenye bima aulize mapokezi kabisa, kadi yangu mnaipokea? dawa ipi haimo? Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023 lakini dirishani kadi ikikataliwa unatoa cash.

Ukiruhusiwa omba bili yenye mchanganuo. Mimi siku ile nililipia dripu mbili na mtoto alitundikiwa moja, nikarudi wakanirudishia bila ubishi. Risiti ipige picha hapohapo, zile za mashine maandishi yanafutika ukikaa nazo mfukoni.